Ajenda Namba Sita

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, nakusimulia kwa ufupi, maana nikirefusha naumia mwenyewe.

Mke wangu alikata roho kwenye kona ya mtaa wetu, ndani ya gari lililozama kwenye tope, mchana kweupe, paa la hospitali tukiliona. Tulikuwa wanaume wanane tunasukuma. Tulipolitoa gari, hapakuwa na haja tena ya kukimbia.

Mdogo wake wa kiume, yaani shemeji yangu, ndiye diwani wetu. Siku tuliyomzika alinishika mikono yote miwili akasema barabara ile itajengwa, hata liwe jambo lake la mwisho duniani. Nikamwamini. Mimi nimeishia darasa la nne, kazi yangu ni kutengeneza baiskeli. Wakubwa wa mji huu nawajua kwa migongo tu, wakipita ndani ya magari. Shemeji ndiye mkubwa pekee aliyewahi kula nyumbani kwangu.

Baraza la mji lilikuwa na uwezo wa kutengeneza barabara moja. Ama ya kwetu bondeni, ama ya juu kilimani, ambako viwanja vina kuta na mageti lakini nyumba hazipo. Miezi kumi na minne nilipita mlango kwa mlango na karatasi za sahihi. Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akinitania kwamba hajaona fundi mjinga kama mimi: mashimo ndiyo yanayoniletea wateja, halafu nayapiga vita. Nilikuwa nacheka naye.

Niliwaacha nikiwa mlangoni mwa ukumbi wa baraza, Jumatatu asubuhi, shati nimelipiga pasi mwenyewe. Sasa twende ndani.

Ukumbini, madiwani wana viti vya kuzunguka. Wananchi tuna benchi moja, nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, na mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Mlinzi alitusomea masharti: hakuna kusema, hakuna kupiga makofi, simu zote zizimwe. Hata madiwani walizima za kwao.

Shemeji alikuwa amenifundisha mambo ya mle ndani kabla. Kwamba diwani akitoa hoja peke yake haitoshi. Lazima asimame diwani mwingine aseme, "Naunga mkono." Asiposimama mtu, kura haipigwi, hoja imekwisha. Kwa hiyo yeye angetoa, na wa kuunga mkono nimtafute mimi, maana madiwani wenzake walikuwa wanamwogopa mwenyekiti. Mwenyekiti wanamwita Nyundo, na ile nyundo yake ya mbao huigonga hata mtu akipiga chafya.

Nikamtafuta. Ni yule mama diwani wa kata ya pili, mwalimu mstaafu, wanayemwita Mama Kanuni kwa sababu kitabu cha kanuni za baraza hakimtoki mkononi, amekivalisha jalada la kaki kama daftari la shule. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alisema atafikiria. Mara ya pili aliniuliza maswali mpaka nikatokwa jasho. Mara ya tatu alisema ataunga mkono, ila nisimshukuru, hafanyi kwa ajili yangu.

Basi Jumatatu hiyo nilikaa kwenye lile benchi, roho yangu nyeupe. Hoja yetu ilikuwa ajenda namba sita. Mtoaji yupo. Muungaji yupo, mstari wa pili, kitabu mapajani.

Wakati wa chai, shemeji alinikuta nje ya ukumbi, kwenye korido. Alinivuta kando. Akanipa karatasi imekunjwa mara nne na kubanwa pini.

"Shemeji, nina kazi ndogo. Hii mpelekee Mama Kanuni. Lakini si sasa. Ngoja katibu asome ajenda namba sita, ndipo umpe."

Nikamuuliza kwa nini asimpe mwenyewe, au asimtume tarishi.

"Mimi nitakuwa nimeshasimama kuongea. Na tarishi ana mdomo. Hizo ni hesabu za kaya za mtaa wetu, nataka azipate zikiwa moto. Humu ndani nimwamini nani kama si wewe?"

Nitasema ukweli, nilivimba kichwa. Mtu wa darasa la nne amekabidhiwa kazi ya baraza. Niliishika ile karatasi kama yai. Sikuifungua. Hata kufungua sikuwaza.

Tukarudi ndani. Ajenda namba nne ikapita, ya tano ikapita. Katibu akasoma namba sita: matengenezo ya barabara ya bondeni.

Nikanyanyuka nimejiinamisha, nikafuata ukuta, nikamfikia Mama Kanuni nikampa. Akang'oa pini, akasoma. Uso ukambadilika. Hakuniangalia. Alichukua mkoba, akatoka mbio mbio kwa mlango wa nyuma, na mimi nilivyokuwa mstaarabu siku hiyo, nilikuwa nimesharudi kwenye benchi, nikakunja miguu yangu ili apite vizuri.

Nilijiambia ni mambo ya wasomi hayo. Labda kaenda kufuata hizo hesabu zenyewe.

Shemeji akasimama. Jamani, yule mtu anajua kuongea. Alisema dada yake alifia kwenye barabara ile. Alisema dada huyo ndiye aliyemlea mgongoni mama yao alipougua. Alisema kila akipita ile kona anafumba macho. Akatoa leso. Na mimi huku nyuma machozi yananitoka, nayafuta kwa mkono wa shati langu la pasi.

"Natoa hoja," akamaliza.

Nyundo akauliza, "Kuna anayeunga mkono?"

Nikageukia mlango. Hajarudi. Diwani mmoja alikohoa. Mwingine alikuwa anakoroga chai ambayo nilimwona ameshaikoroga.

"Kwa mara ya pili. Kuna anayeunga mkono?"

Nilitaka kusema wamngoje, yuko nje, anakuja. Mlinzi akaniwekea mkono begani. Shemeji alikuwa amesimama bado, anatazama feni.

"Hoja imekosa wa kuiunga mkono. Imeanguka. Katibu, andika. Ajenda namba saba."

Akagonga. Mimi huchukua muda mrefu zaidi kujaza upepo tairi moja.

Ajenda namba saba ilikuwa barabara ya juu kilimani. Diwani mmoja mnene akaitoa kwa maneno kumi hivi. Nyundo akauliza kama kuna anayeunga mkono.

Mkono ukapanda. Lile koti nililijua. Ndilo alilovaa siku tunamzika mke wangu.

"Naunga mkono, mheshimiwa mwenyekiti," shemeji alisema. "Kwa kuwa hoja yangu imeanguka kwa mujibu wa kanuni, na mji hauwezi kubaki bila barabara hata moja."

Niliyoyasema baada ya hapo mhariri hawezi kuyachapa. Walinitoa walinzi wawili, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, na hapo ngazini wakaniacha nikae kama mzigo usio na mwenyewe.

Mama Kanuni alikuwa anapanda zile ngazi, anahema, viatu vimejaa vumbi. Aliponiona, nilidhani atanipiga na kile kitabu.

"Fundi, nani amekutuma?"

Nikamwambia shemeji. Nikamwambia hesabu za kaya.

Akanikunjulia karatasi mbele ya macho. "Hizi ndizo hesabu za kaya?"

Nasoma polepole, lakini nasoma. Ilikuwa imeandikwa: Mama yako ameanguka nyumbani. Aliyeleta habari anakusubiri getini.

Getini hapakuwa na mtu. Mama yake ni mzee wa miaka tisini. Mama Kanuni alikimbia mpaka kwake, mitaa miwili tu kutoka hapo, akamkuta bibi wa watu ameketi anachambua mchele.

Akaketi ngazini karibu nami, mwalimu mzima, vumbi na yote. Akaniuliza, kama ningetaka kuiua hoja ile ningefanyaje. Nikasema ningeizuia isije barazani.

"Ungekosea. Ukiizuia leo, itakuja mwezi ujao. Wewe unaileta. Unaisemea vizuri mpaka watu walie. Halafu unahakikisha hakuna wa kuiunga mkono. Ikianguka namna hiyo, kanuni inasema hairudi mpaka miezi sita ipite. Miezi sita, Fundi. Huko juu watakuwa wameshamwaga lami."

Nikakumbuka nilivyokunja miguu yangu apite.

Akasema kuna upenyo mmoja umebaki. Alhamisi baraza litakaa tena, na kazi ya kwanza ya kikao huwa ni kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Kabla haujathibitishwa, diwani anaweza kupinga. Akionyesha kwamba alitolewa ukumbini kwa udanganyifu, mwenyekiti atake asitake, hoja itasikilizwa upya. Karatasi anayo. Anachotaka ni maelezo yangu ya maandishi, nani alinipa, wapi, saa ngapi.

"Na mwandiko huu ni wa nani? Wa shemeji yako?"

Nikaushika ule ujumbe. Nikautazama sawasawa kwa mara ya kwanza.

Mimi mwandiko wa watu siujui. Wa kwangu mwenyewe wakati mwingine unanishinda. Lakini kuna mmoja duniani naujua hata gizani, maana ndio unaoniandikia barua zangu zote, ndio ulioandika vichwa vya zile karatasi za sahihi, mstari mmoja mmoja, mezani kwangu. Herufi zimelala kidogo upande wa kulia, kama watu wanaotembea kwenye upepo.

Ulikuwa mwandiko wa binti yangu.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kuuona."

Niliwahi kudanganya maishani kama watu wote. Ila ule uongo ulinitoka kwa urahisi mpaka nikajishangaa.

Binti yangu ni karani wa muda pale pale barazani. Kazi alitafutiwa na mjomba wake. Kila mwezi anaambiwa mwezi ujao atapewa barua ya ajira ya kudumu.

Nilimngoja karakanani, mbele ya nyumba yetu. Aliporudi saa kumi na moja, alinisalimia, akatua mkoba, akaanza kuniondolea vyombo vya chai kama kawaida. Nikamwambia akae. Nikamwambia maneno yote ya ile karatasi, neno kwa neno.

Akashika ukingo wa meza.

"Mjomba alinipa rasimu ninakili," akasema. "Alisema mwandiko wake haueleweki. Baba, mimi hunakili karatasi ishirini kwa siku."

"Hukuuliza ni ya nani?"

"Huwa siulizi."

"Mama wa mtu ameanguka, ukanakili bila kuuliza ni mama wa nani?"

Nilitaka alie. Mama yake angelia, na mimi ningejua moja. Huyu alinitazama kwa macho makavu, kisha akaniuliza kama nimemwambia mtu kwamba mwandiko ni wake. Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akaingia chumbani.

Nimekaa na hiyo pumzi siku mbili.

Jumanne sikwenda kwa Mama Kanuni. Nilijiambia nina baiskeli tatu za watu. Ukweli ni kwamba nikiandika aliyenipa karatasi ni shemeji, swali la pili litakuwa aliyeiandika ni nani, na binti yangu atafukuzwa kazi kabla wino haujakauka. Nisipoandika, barabara imekwenda, na kona ile itabaki ilivyo mpaka izame gari la mtu mwingine. Nilikuwa naziba tundu kwenye mpira wa ndani, nikagundua nimeliziba mara mbili.

Jumatano asubuhi kinyozi hakunisalimia.

Nilidhani hakuniona. Nikamwita, nikamuuliza leo vipi, mbona bei za salamu zimepanda. Akaendelea kufagia nywele. Mteja wake akanitazama kupitia kioo kisha akaangalia pembeni. Mama mmoja aliyeacha baiskeli ya mwanawe kwangu akaja kuichukua bila gurudumu la mbele, akasema atatengeneza kwingine.

Saa tisa Mama Kanuni akaja. Hakukaa. Alisimama katikati ya karakana, kati ya fremu na minyororo, na safari hii hakuniita Fundi.

"Ulisema hujui mwandiko ule."

Nikaweka pampu chini.

Akasema alipeleka malalamiko kwa katibu Jumanne. Kwa utaratibu, anayelalamikiwa hupewa nafasi ya kujibu. Shemeji yangu alijibu jioni ile ile, kurasa mbili, na nakala zikasambaa mji mzima kabla ya chai ya Jumatano. Akazitoa kwenye mkoba akanisomea, polepole, kama anasomea darasa.

Shemeji ameandika kwamba karatasi ile haijui. Kwamba niliitoa nyumbani kwangu. Kwamba imeandikwa na binti yangu, na baraza linaweza kulinganisha mwandiko na mafaili ya ofisi. Kwamba mimi sikuwahi kuitaka barabara ya bondeni, maana mashimo ndiyo yanayoniweka mjini, ringi zikipinda ndipo nakula, na kwamba jambo hilo hata majirani wamelisema mara nyingi. Ameandika kwamba nimetumia kifo cha dada yake kumpotezea muda, na kwamba anasikitika sana kuyasema haya juu ya mtu wa familia.

"Anasikitika sana," nikasema.

"Ndivyo alivyoandika."

Mtu huyu nilimpa shati langu siku ya kuapishwa kwake. La kwake lilikuwa limepasuka kwapani.

Nikamwambia Mama Kanuni kwamba nilificha mwandiko kwa ajili ya mtoto. Akasema anaelewa, yeye pia ni mzazi, lakini sasa nimeshajiweka pabaya. Nikisema kesho kwamba shemeji ndiye aliyenipa, wataniuliza kwa nini Jumatatu nilidanganya. Karatasi haina alama yake hata moja. Ina ya kwetu tu.

"Ipo rasimu."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amefika lini, wala kwa nini ametoka kazini mapema. Alikuwa bado na mkoba begani na kitambaa chake cha bluu kichwani.

"Rasimu aliyonipa mjomba," akasema. "Kwa mkono wake mwenyewe. Sikuitupa. Rasimu zote naziweka kwenye droo ya meza yangu, ofisini."

Mama Kanuni akamgeukia taratibu. Akamuuliza ana uhakika. Akasema ana uhakika. Akamuuliza kama kuna mtu mwingine mwenye ufunguo. Akasema hakuna. Akaangalia saa. Ofisi zinafungwa saa kumi na nusu.

"Basi mwanangu, kailete. Sasa hivi. Nikiwa nayo kesho, sihitaji hata baba yako afungue mdomo."

"Na kazi yangu?"

Ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema mwanangu, acha, tutakula mashimo. Ningeweza kusema nenda, kwa ajili ya mama yako. Nilisimama na spana mkononi, nikangoja aamue yeye, kama baraza zima lilivyongoja siku ile mtu mwingine asimame.

Akakaza fundo la kitambaa. "Narudi," akasema.

Tukatoka nje kumtazama, mimi na Mama Kanuni. Kinyozi naye alitoka, na wateja wake, na yule mama wa baiskeli akasimama ng'ambo. Mtaa mzima uliosaini karatasi zangu ulikuwa mlangoni, unamwangalia binti yangu anavyoruka madimbwi.

Barabara yetu ikipita kwa fundi seremala inagawanyika. Kushoto unakwenda barazani. Kulia unapanda kwa mjomba wake.

Alipofika pale akasimama. Aligeuka mara moja akatuangalia. Kwa umbali ule sikuweza kuuona uso, niliona bluu tu.

Kisha akashika njia ya kulia.

Mama Kanuni akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

"Fundi," akasema polepole, "ofisi za baraza si ziko kushoto?"

Nikamwambia ziko kushoto.